Kidonda cha fangasi kwenye konea kisichosikia dawa: hatua za kukitibu

Kidonda cha fangasi kwenye konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) kinapofika wiki ya tatu bila kupona, wengi huongeza dawa nyingine juu ya ile ya kwanza. Mara nyingi si dawa iliyoshindwa. Kuna stroidi (dawa ya kutuliza uvimbe inayopunguza kinga) iliyotumika kabla mgonjwa hajafika, au chupa haikutikiswa, au dawa ilisimama usiku, au kidonda chenyewe si cha fangasi. Wakati mwingine fangasi imekwisha kuzama chini kiasi kwamba tone la juu haliifikii. Kila sababu ina dawa yake, na ukibadili dawa kabla ya kujua sababu, unapoteza siku ambazo jicho hilo halina.

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi wa macho, wafamasia na watu wa maabara katika hospitali za wilaya na za rufaa. Kama wewe ni mgonjwa au ndugu yake, usome ujue cha kuuliza, lakini dawa za kuchanganya zilizotajwa humu zisichanganywe nyumbani.

Kwanza fahamu tunapambana na nini. Afrika Mashariki, kama ilivyo India na Nepal, vidonda vingi vya aina hii hutokana na fangasi za nyuzi, hasa Fusarium na Aspergillus. Huingia jicho linapochomwa na kitu cha shambani: bua la mahindi, jani la muwa, kapi la mpunga, kijiti wakati wa kukata kuni. Candida, ambayo si ya nyuzi, huwapata zaidi wenye konea iliyokuwa mbovu tangu zamani au waliotumia stroidi muda mrefu. Nyuzi za fangasi hupenya kati ya tabaka za konea kuelekea ndani, na zinaweza kuvuka utando wa Descemet (tabaka jembamba la ndani ya konea) hadi chumba cha mbele cha jicho kabla konea haijatoboka. Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo vidonge peke yake havitoshi, na dawa kuu ya matone, natamaisini, haipenyi vizuri. Matibabu yote yanazunguka mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: chunguza kilichokwisha kuwekwa kwenye jicho

Mwambie mgonjwa aweke mezani kila chupa na kila tyubu aliyotumia, hata ile aliyoazima kwa jirani. Usikubali jibu la "niliwekewa dawa ya macho tu". Soma maandishi madogo kwenye lebo. Unatafuta deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni au fluorometholoni. Mara nyingi zimefichama ndani ya chupa ya mchanganyiko pamoja na gentamaisini, neomaisini au kloramfenikoli, na mgonjwa aliuziwa kama antibiotiki ya kawaida. Stroidi hupunguza wekundu na maumivu kwa siku mbili tatu, mgonjwa akaamini anapona, huku fangasi ikikua bila kinga ya mwili kuizuia. Isimamishe siku hiyo hiyo. Mweleze kwamba jicho linaweza kuwa jekundu zaidi kwa siku chache baada ya kuiacha. Asipoambiwa, atairudia mwenyewe.

Uliza pia dawa za kienyeji, na uulize bila kukaripia, la sivyo hutaambiwa ukweli. Maji ya majani, asali, maziwa ya mama na mkojo vyote huwekwa machoni. Huleta vijidudu vipya, vingine huunguza konea, na kubwa zaidi huchelewesha. Utafiti uliofanywa Moshi na ule wa Mbarara, Uganda, ulionyesha jambo moja: wagonjwa hufika hospitali ya macho wakiwa wamechelewa sana, na kuchelewa huko kunakwenda sambamba na upofu wa jicho hilo.

Kisha hesabu matone. Chupa ya mililita 5 hutoa takriban matone 100. Mgonjwa anayeweka kila saa, usiku na mchana, atamaliza chupa ndani ya siku nne, na kama matone mengine yanaishia shavuni atamaliza mapema zaidi. Akikuambia kwamba ametumia chupa ile ile wiki tatu, umekwisha kupata jibu la kwa nini hakupona. Kwa kozi ya kwanza ya wiki tatu, panga chupa tatu hadi nne tangu siku ya kwanza, na ujue zitapatikana wapi na kwa fedha gani.

Mwisho, mwombe akuonyeshe anavyoweka. Natamaisini si maji, ni unga mweupe unaoelea ndani ya maji, na ukitulia huzama chini. Asiyetikisa huweka maji matupu wiki nzima, na tone la mwisho la chupa likatoka zito kama maziwa. Itikiswe kila mara kabla ya kuweka. Joto la kuihifadhi lisizidi nyuzi 24. Katika miji ya pwani hilo maana yake ni friji, ila isigande.

Hatua ya pili: pima na uchore

Bila vipimo hutajua kama kidonda kinapona. Tumia taa ya mpasuo (hadubini ya kupimia macho), uandike urefu na upana wa doa jeupe kwa milimita, kisha eneo linalopokea rangi ya fluoresini (inayoonyesha palipochubuka), peke yake. Andika pia kina (theluthi ya juu, ya kati au ya chini ya konea), kimo cha usaha uliotuama ndani ya jicho, na umbali wa doa kutoka ukingo wa konea. Chora kwenye jalada, mchoro wa mbele na wa ubavuni. Mchoro wa dakika mbili unasaidia zaidi kuliko neno "inaendelea vizuri" lililoandikwa na mtu wa zamu nyingine.

Dalili zinazoelekeza kwenye fangasi ni kingo zisizonyooka zenye vinyuzi vinavyotambaa kwenye konea iliyo safi, uso mkavu ulioinuka juu ya usawa wa konea, vidoa vidogo vya pembeni vilivyotengana na kidonda kikubwa, rangi ya kahawia au nyeusi kwa baadhi ya fangasi, na bonge jeupe lililoshika nyuma ya konea. Lakini macho ya daktari mzoefu nayo hukosea kati ya fangasi na bakteria. Ndiyo sababu hatua inayofuata haiepukiki.

Kabla ya kuiendea, gusa konea kwa nyuzi ya pamba kupima hisi (ikipungua, fikiria virusi vya malengelenge), angalia kama kope zinafunga, bonyeza kona ya ndani ya jicho kuona kama usaha unatoka kwenye mfuko wa machozi, pima sukari, na shauri kipimo cha VVU.

Hatua ya tatu: kukwangua konea

Hapa ndipo penye ufunguo wa kazi yote. Andaa:

- matone ya ganzi, tetrakaini 0.5%
- sindano za geji 21, tano au sita (au wembe wa upasuaji namba 15)
- slaidi mbili au tatu safi na penseli ya nta
- potasiamu haidroksaidi 10% na vioo vidogo vya kufunikia
- sahani za kuoteshea: agari ya damu, na ya Sabouraud isiyo na saikloheksimaidi

Saikloheksimaidi huzuia fangasi nyingi zile zile unazozitafuta. Agari ya Sabouraud iliyotengenezwa kwa ajili ya fangasi za ngozi mara nyingi huwa nayo, na majibu yake hutoka "hakuna kilichoota" kwa sababu hiyo tu. Kloramfenikoli au gentamaisini ndani ya agari haina tatizo.

Chora duara la sentimita moja upande wa chini wa kila slaidi, ili mtu wa maabara ajue mahali pa kutazama. Weka tone la ganzi, subiri dakika moja, weka la pili. Mgonjwa akae kwenye taa ya mpasuo, paji la uso limeshikiliwa na msaidizi. Kama jicho lina uchafu au utando wa dawa, uondoe kwanza kwa pamba safi. Usipeleke maabara masalia ya natamaisini.

Kwangua kwa ubavu wa ncha ya sindano, kwenye kingo na kwenye kitako cha kidonda. Nyuzi za fangasi ziko kwenye kingo zinazosonga mbele na chini ya ukoko, kwa hiyo ute wa juu peke yake hautakuonyesha kitu. Usiguse kope. Badilisha sindano kwa kila sampuli. Anza na slaidi ya Gram (ya kupakwa rangi ili kuonyesha bakteria), kisha ya potasiamu haidroksaidi, halafu sahani. Kwenye sahani, chora mistari yenye umbo la herufi C bila kuichana agari. Kitakachoota nje ya mistari hiyo ni uchafu ulioingia baadaye.

Konea ikiwa imebaki nyembamba sana, au utando wa Descemet umechomoza katikati ya kidonda, usikwangue kwenye kiti. Huyo ni wa chumba cha upasuaji.

Slaidi ya potasiamu haidroksaidi iache dakika 5 hadi 10 ili seli ziyeyuke, kisha itazame kwa lenzi ya 10 halafu ya 40, mwanga ukiwa umepunguzwa. Ukiacha mwanga mkali, nyuzi hazionekani kabisa, na hili hukosewa kila mahali. Fangasi za nyuzi huonekana zikiwa na vizuizi vinavyozigawa kama pingili za mua, na matawi yanayochipuka kwa pembe. Nyuzi za pamba huwa nene, hazina pingili na hujipindapinda. Fuwele za dawa huwa na kingo zilizonyooka mno. Candida huonekana kama vichembe vya mviringo vinavyochipua.

Sahani ya Sabouraud ikae nyuzi 25 hadi 30 kwa wiki mbili au tatu kabla ya kutupwa. Fusarium na Aspergillus kwa kawaida huota ndani ya siku chache, lakini si zote. Usisubiri sahani ndipo uanze dawa: hadubini ikionyesha nyuzi, anza siku hiyo. Kama kituo chako hakina sahani hata moja, hadubini na potasiamu haidroksaidi bado vinatosha kuokoa macho mengi, na gharama yake ni ndogo.

Isipoonekana kitu na kidonda kinazidi, kwangua tena kesho yake. Ikikosekana mara ya pili, mtaalamu akate kipande cha konea cha milimita 2 hadi 3 kwa kina kidogo, nusu iende kwenye kuoteshwa na nusu kwenye uchunguzi wa tishu.

Hatua ya nne: natamaisini 5%

Ndiyo dawa ya kwanza kwa fangasi za nyuzi, na msimamo huu una ushahidi mzuri. Jaribio lililoongozwa kutoka Hospitali ya Macho ya Aravind, India, na kuchapishwa 2013, liliwalinganisha wagonjwa 323 kati ya natamaisini 5% na vorikonazoli 1%. Waliotumia natamaisini waliona vizuri zaidi na konea zao zilitoboka mara chache zaidi, hasa waliokuwa na Fusarium. Jaribio la Nepal lililochapishwa 2022 liliilinganisha na klorheksidini 0.2%, na natamaisini ikashinda tena. Tangu 2017 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tunalitaja hili kwa kuwa mfamasia wa mkoa anayeagiza dawa anahitaji hoja ya kuandika kwenye fomu.

Weka tone moja kila saa, usiku na mchana, kwa saa 48 za kwanza. Kisha kila saa mgonjwa akiwa macho hadi mwisho wa wiki ya kwanza. Kisha kila saa mbili akiwa macho hadi wiki ya tatu. Mlaze wodini siku hizo za mwanzo kama una kitanda: mgonjwa anayeishi mbali, mwenye maumivu na jicho moja, hawezi kuamka kila saa akatikisa chupa na kulenga jicho gizani. Andika ratiba kubwa ya saa na muuguzi atie alama kila tone.

Pamoja nayo:

- atropini 1% mara mbili kwa siku, kupunguza maumivu na kuzuia mboni kushikamana na lenzi ya jicho
- antibiotiki ya matone, kwa mfano ofloksasini 0.3%, hadi bakteria watakapoondolewa kwenye hesabu
- parasetamoli, maumivu ya konea ni makali, usimwachie mgonjwa avumilie
- presha ya jicho ikipanda, timololi 0.5% mara mbili kwa siku, na asetazolamaidi 250 mg mara nne ikibidi, figo zikiwa nzima

Usifunge jicho kwa bandeji. Joto na unyevu chini yake vinalisha fangasi, na dawa haiwekwi jicho likiwa limefungwa. Ngao ngumu ya plastiki inafaa ikiwa konea imekonda.

Dawa mbili tofauti zisifuatane papo hapo. Acha dakika tano katikati, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza.

Hatua ya tano: kukwangua kama tiba

Wengi huiruka. Ngozi ya juu ya konea ikianza kufunga juu ya kidonda wakati fangasi iko chini, natamaisini inabaki nje. Kwa hiyo kila baada ya saa 24 hadi 48 katika wiki ya kwanza, weka ganzi na uondoe taratibu ukoko na tishu iliyokufa, hadi uone kitako kilicho safi. Inapunguza mzigo wa fangasi na inafungua njia ya dawa. Acha mara tu konea inapoonekana kukonda. Unga mweupe wa natamaisini hushika kwenye kidonda na unafanana sana na maambukizi mapya. Ufute kwa pamba iliyolowa kabla ya kupima doa, la sivyo utaandika kwamba limekua.

Hatua ya sita: dawa za akiba na namna ya kuzichanganya

Hizi zichanganywe na mfamasia au muuguzi aliyefunzwa, mahali safi, glavu zikiwa mikononi, kwa maji ya sindano yaliyo safi ya kiwandani, na kila chupa iandikwe jina la dawa, nguvu, tarehe na saa.

Amfoterisini B 0.15% ni ya Candida, na hutumika pia kwa Aspergillus. Chukua kichupa cha kawaida cha miligramu 50 (si cha aina ya liposomu), ongeza mililita 10 za maji ya sindano, upate miligramu 5 kwa kila mililita. Vuta mililita 3 za hiyo na uchanganye na mililita 7 za maji ya sindano kwenye chupa safi ya matone. Umepata 0.15%. Usitumie maji ya chumvi hata kidogo: dawa huganda na kuzama. Chupa ifunikwe isipigwe na mwanga, ikae kwenye friji, itupwe baada ya siku 7. Inauma na inachubua konea. Ukiona wekundu unazidi huku doa likipungua, punguza mara za kuweka kabla ya kudhani maambukizi yanarudi.

Vorikonazoli 1% hutoka kwenye kichupa cha sindano cha miligramu 200. Ongeza mililita 19 za maji ya sindano, jumla inakuwa mililita 20 zenye miligramu 10 kwa mililita. Gawanya kwenye chupa ndogo safi, weka kwenye friji, kila chupa itumike kwa muda usiozidi wiki. Inapenya vizuri kuliko natamaisini, ndiyo maana inavutia, lakini isichukue nafasi yake. Iongeze, hasa pale kidonda kinapokuwa kirefu kwenda ndani au kuoteshwa kunapoonyesha Aspergillus.

Klorheksidini 0.2% ni ya pale ambapo natamaisini haipo kabisa. Mililita 1 ya klorheksidini glukonati 20% ya maji, isiyo na kitu kingine, huchanganywa na mililita 99 za maji safi ya sindano. Hapa kosa moja linapofusha: dawa ya kusafishia majeraha yenye setrimaidi, au ile yenye spiriti, huunguza konea moja kwa moja. Na jeli ya klorheksidini 7.1% inayopakwa kitovu cha mtoto imekwisha kuunguza macho ya watu kadhaa barani Afrika kwa kudhaniwa kuwa dawa ya macho. Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari juu yake. Ihifadhiwe mbali na kabati la dawa za macho.

Flukonazoli, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, hutolewa kwa kila fangasi. Inafaa kwa Candida. Kwa Fusarium na Aspergillus haifanyi kitu, iwe ya kumeza au ya matone.

Vidonge, na kwa nani

Jaribio la pili la kundi lile la India, lililofanywa pia Nepal kwa wagonjwa 240 na kuchapishwa 2016, liliongeza vorikonazoli ya kumeza juu ya matone. Kwa ujumla haikuzuia kutoboka kwa konea, na madhara yaliongezeka. Kwa hiyo vidonge si vya kila mtu. Tunaona vina nafasi kidonda kikigusa ukingo wa konea na sklera (sehemu nyeupe ya jicho), kikizama hadi theluthi ya chini, au fangasi ikiingia chumba cha mbele. Kwa mtu mzima anayezidi kilo 40: miligramu 400 mara mbili siku ya kwanza, kisha 200 mara mbili kwa siku, saa moja kabla au baada ya chakula. Pima ini kabla na kila wiki. Mwambie kwamba anaweza kuona mwanga au rangi zisizo za kawaida kwa muda baada ya kumeza, asiogope, lakini asiendeshe chombo usiku.

Kabla ya kuandika dawa hiyo, uliza kuhusu TB na VVU. Rifampisini huishusha vorikonazoli mwilini hadi inakuwa kama hajameza, na zisitumike pamoja. Efavirenzi nayo huishusha na yenyewe ikapanda. Ketokonazoli ya kumeza tusiirudie; Ulaya na Marekani ziliiwekea vizuizi 2013 kwa madhara yake kwenye ini.

Hatua ya saba: kusoma kama kinapona

Usitegemee kuona mabadiliko makubwa kabla ya siku nne au tano. Kinachoanza ni maumivu kupungua, kisha kingo zenye vinyuzi zinakuwa butu na laini, vidoa vya pembeni vinafifia, doa linakoma kukua. Usaha wa ndani hupanda na kushuka, usiutumie peke yake kuhukumu. Ngozi ya juu kuchelewa kufunga si lazima kuwa dalili mbaya, kwani dawa zenyewe zinaichubua.

Siku ya sita, kwangua na uoteshe tena. Uchambuzi wa majaribio yale ya India ulionyesha kwamba wagonjwa ambao bado fangasi iliota siku ya sita ndio walioishia vibaya zaidi. Majibu hayo yakupe ujasiri wa kupandisha matibabu au kutoa rufaa mapema. Yakiwa safi, endelea na dawa vile vile: juu kunaweza kuwa safi na chini bado kuna fangasi.

Ikiwa doa limekua au limezama zaidi baada ya wiki ya dawa iliyowekwa sawasawa, pitia hivi. Je, ni Acanthamoeba, kijidudu aina ya amiba? Maumivu huwa makubwa kuliko kidonda kinavyoonekana, na baadaye duara jeupe hujitokeza. Tiba yake ni klorheksidini 0.02%, nguvu tofauti kabisa na ile ya juu, au PHMB (dawa nyingine ya kuua vijidudu) 0.02%. Je, ni Pythium, kijidudu kinachofanana na fangasi lakini si fangasi? Kwenye hadubini nyuzi zake ni pana na karibu hazina vizuizi, haisikii dawa za fangasi, na hutibiwa kwa linezolidi na azithromaisini, mara nyingi na upasuaji wa mapema. Nocardia (bakteria wenye nyuzi) na bakteria waliochanganyika na fangasi huonekana ukirudia slaidi ya Gram. Virusi vya malengelenge hukumbukwa pale hisi ya konea inapokuwa imekufa. Yote yakishakataliwa, ndipo useme fangasi hii ni sugu, na ndipo uongeze dawa ya pili.

Kuhusu kudunga vorikonazoli ndani ya konea kuzunguka kidonda (mikrogramu 50 kwa mililita 0.1): inafanywa sana, lakini jaribio la wagonjwa 70 lililochapishwa 2019 halikuonyesha faida. Tiba ya riboflavini (vitamini B2) na mwanga wa urujuanimno nayo ilijaribiwa India, matokeo yakachapishwa 2020, na haikusaidia. Uoni wa waliotibiwa nayo ulikuwa mbaya zaidi. Usimtume mgonjwa auze ng'ombe kwa ajili ya hilo.

Hatua ya nane: kisu kabla hakijachelewa

Mpeleke kwa mtaalamu wa konea bila kusubiri ikiwa kidonda kinakaribia ukingo, konea imekonda, kimetoboka, kina upana zaidi ya milimita 6, au mgonjwa ana jicho hilo moja tu. Safarini aendelee kuweka dawa kila saa, avae ngao, na awe na barua yenye vipimo na majibu ya maabara.

Tundu la chini ya milimita 2 linaweza kuzibwa kwa gundi ya sayanoakrileti na kuwekewa lenzi laini juu yake, kitako kikiwa kimesafishwa na kukauka. Kidonda cha pembeni kisichopona kinaweza kufunikwa kwa kipande cha konjaktiva (ngozi laini inayofunika weupe wa jicho), njia nzuri isiyohitaji konea ya mtu mwingine. Isifanywe fangasi ikiwa bado inasonga. Kikubwa zaidi kinahitaji kupandikizwa konea kwa ajili ya tiba. Daktari akate nje ya doa kwa angalau nusu milimita hadi milimita moja ya konea iliyo safi, kwani nyuzi hufika mbali kuliko weupe unaoonekana. Kipande kilichotolewa kipelekwe maabara. Stroidi isianze katika wiki mbili za kwanza, hata kama konea mpya inatishiwa kukataliwa, natamaisini iendelee. Fangasi ikirudi ndani ya jicho hasara yake ni kubwa kuliko konea mpya kufifia, kwa kuwa konea nyingine inaweza kuwekwa baadaye.

Kumaliza dawa

Ngozi ya juu ikifunga na doa likageuka kovu lenye kingo kali, endelea na natamaisini mara nne kwa siku kwa wiki mbili hadi tatu. Kozi nzima mara nyingi hufika wiki sita, na vidonda virefu huzidi hapo. Mwone mgonjwa wiki moja baada ya kuacha, kisha wiki ya pili, kisha mwezi. Wekundu mpya, maumivu au kijidoa cheupe ukingoni mwa kovu ndani ya muda huo ni fangasi hadi ithibitishwe vingine: kwangua siku hiyo hiyo na urudishe tone la kila saa. Mwandikie kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa, kwamba jicho hilo lisiwekwe dawa yenye stroidi mahali popote bila daktari wa macho kuliona kwanza, na msomee ndugu aliyemsindikiza.